Pini ya Mwalimu wa Bweni

Pini ya Mwalimu wa Bweni ilikaa kwenye ukosi wa koti lake, upande wa kushoto, pale ambapo askari waliorudi kutoka vitani walichomeka nishani zao. Ilikuwa pini kubwa ya kufungia nguo, imeanza kushika kutu kichwani. Kwa pini hiyo alitoa funza miguuni mwetu, alitoa nyama katikati ya meno yake, alichokonoa wino uliokauka kwenye chupa, na mara moja nilimwona akijisafishia sikio. Baada ya kila kazi aliifuta kwenye mkono wa koti, akairudisha mahali pake. Koti lilikuwa la rangi ya majivu. Mkono wa kulia ulikuwa na rangi nyingine, ambayo sijui niiite nini.

Sitaki kutaja jina lake. Wapo watu wazima Njombe wanaomheshimu, na baadhi yao aliwafundisha mpaka wakawa makarani. Sisi tulimwita Mwalimu wa Bweni hata alipokuwa ubaoni anafundisha hesabu, maana kazi aliyoipenda ni ile ya bweni. Shule yenyewe ilikuwa ndogo, shule ya kati iliyo nje kidogo ya Njombe, yenye bweni moja la nyasi. Mwalimu Mkuu alikuwa mgonjwa wa kifua, na baridi ilipozidi hakutoka nyumbani kwake. Kwa hiyo mambo ya nani aingie na nani atoke yaliishia mikononi mwa Mwalimu wa Bweni.

Siku ya kufungua shule aliipenda kuliko Krismasi, hasa muhula wa baridi. Muhula huo ulianza wakati mahindi yamekwisha kuvunwa na vumbi limetanda kila mahali. Alfajiri nyasi za uwanja zilikuwa nyeupe kwa sakitu, umande ulioganda kwa baridi, nasi tulizikanyaga pekupeku. Vumbi ndiyo nyumba ya funza. Hakuna mtoto aliyetoka likizo bila kuwa naye, hata mtoto wa mchungaji. Mwalimu wa Bweni alitoa kigoda chake nje, akakiweka karibu na pipa la maji, akatandika gunia juu ya mapaja, nasi tukapanga mstari na masanduku yetu. Kila mmoja aliweka mguu wake juu ya gunia. Yeye aliuinua mpaka karibu na pua, kama mtu anayesoma maandishi madogo, akaanza kuchimba.

Alipomaliza mguu wa pili alisema, "Neksti." Hatukujua maana yake, tulijua tu kwamba ukisikia hivyo unaondoka upesi.

Funza akitoka mzima na mfuko wake wa mayai, mweupe kama punje ya mchele, alimwinua kwenye ncha ya pini ili mstari wote uone. "Huyu amekula vizuri likizo kuliko ninyi," alisema. Tulicheka, kwa sababu asiyecheka alichimbwa zaidi. Kisha alimpasua kwa ukucha wa kidole gumba. Ukucha huo aliufuga mrefu. Saa ya chakula ndio aliochotea chumvi.

Nje ya ua walikaa wanaume na watoto wao wa kiume, wamejifunika mablanketi, wengine wana kuku mikononi. Hao walikuwa wanangoja nafasi. Shule za kati zilikuwa chache na wanaotaka kuingia walikuwa wengi. Mwanafunzi aliyeonekana ana funza kupita kiasi alirudishwa kwao mpaka apone, na asiporudi kabla ya Jumatatu iliyofuata, kitanda chake kilipewa mmoja wa wale wa nje. Basi kila mguu uliopanda juu ya gunia ulitazamwa na watu wawili: Mwalimu wa Bweni, na baba fulani usiyemjua aliyekuwa anakuombea mabaya.

Mwalimu wa Bweni alinusa ugoro. Aliuweka kwenye kikopo cha dawa ya tumbo, na akinusa alipiga chafya mara nyingi bila kugeuza uso. Aliyekaa dawati la mbele alifuta daftari lake kwa kiwiko. Chini ya meza yake palikuwa na kopo jingine, la kutemea, na kulimwaga ilikuwa zamu kama zamu nyingine, kama kufagia au kuchota maji. Rafiki yangu mmoja wa Wanging'ombe, aliyelala kitanda cha jirani na changu, alisema kopo lile lina uzito kuliko ndoo. Alilibeba akiwa ameangalia juu mbinguni, na sisi tulimwambia anaomba.

"Siombi," alisema. "Natafuta mahali pengine pa kuweka macho."

Mwalimu huyohuyo ndiye aliyetufundisha somo la usafi. Aliandika ubaoni kwa mwandiko ambao sijaona mwingine mzuri kama huo mpaka leo, herufi zimesimama sawa kama askari: Kucha ziwe fupi. Usiteme mate ovyo. Usitumie kitambaa cha mwenzako. Tulinakili. Tukikosea neno alisema, "Sirudii. Mimi si gramafoni." Halafu alipiga chafya juu ya daftari la karibu.

Kibena alikipiga marufuku bwenini. Alisema mtu anayeota kwa Kibena hawezi kuamka kwa Kiswahili. Lakini alipojigonga kidole kwenye mlango alitukana kwa Kibena, matusi ambayo sisi wenyewe tulikuwa hatujayasikia, na usiku ule rafiki yangu wa Wanging'ombe alituambia kuwa sasa ameelewa kwa nini lugha hiyo imekatazwa: mwalimu anaitaka yote peke yake.

Siku moja alikuja Mzungu wa elimu kukagua shule. Mwalimu wa Bweni alivaa viatu alivyovipaka mafuta ya kupikia, na siku nzima alijibu "Yesa, yesa," hata pale Mzungu alipokuwa hajauliza kitu. Mzungu alipewa chai na biskuti nyumbani kwa Mwalimu Mkuu. Mimi na mwenzangu tulitumwa kuondoa vyombo. Katika sahani palikuwa na biskuti moja iliyoumwa, alama za meno zinaonekana, na upande mmoja umelowa. Mwalimu wa Bweni aliingia, hakutuona pale nyuma ya mlango. Aliichukua, akaigeuza, akaitia mdomoni akafumba macho, akatafuna taratibu sana. Alipofumbua alituona.

"Chakula hakitupwi," alisema.

Wiki hiyohiyo alimchapa mtoto wa darasa la sita kwa kuokota kiazi kilichoanguka majivuni jikoni. Alimwita fisi mbele ya shule nzima.

Jambo linalofuata sipendi kuliandika, lakini nisipoliandika nitakuwa ninasema uongo. Katika muhula wangu wa kwanza mtoto mdogo kuliko wote bwenini alishikwa na kuhara damu. Alichafua blanketi, akachafua na godoro la majani, na sisi wote tulikimbilia nje tukiziba pua. Mwalimu wa Bweni aliingia peke yake. Alimbeba mtoto yule mpaka kijitoni, akavua koti na kumlaza juu yake, akamwosha kwa mikono yake, mwili mzima, bila kukunja uso. Tulimwona kutoka juu ya kilima. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani polepole, kama mama anayebembeleza, na alikuwa na sauti nzuri. Alirudia hivyo siku zote za ugonjwa, mpaka mtoto akapona. Hakuna mwalimu mwingine aliyesogea. Mama wa mtoto yule alipokuja alimpigia magoti, na Mwalimu wa Bweni alimwinua kwa adabu, akamwambia, "Inuka, mama, huyu ni wetu sote."

Kisha akaenda kula, na hakunawa. Sikutaka kuangalia, lakini niliangalia.

Kwa hiyo sikumwelewa, na mpaka sasa simwelewi. Watu wananiambia, mtu ana mambo mawili, chukua lile zuri. Siwezi. Nikikumbuka zile nyimbo za kijitoni nasikia vizuri, halafu naona ule ukucha.

Sasa nieleze yaliyonipata mimi.

Baba yangu alikuwa amekwenda kukata mkonge Tanga, na mama alikuwa peke yake na sisi upande wa Makambako. Yeye ndiye aliyetaka nisome. Likizo ile kabla ya muhula wa baridi alinikalisha chini kila jioni akanitoa funza kwa mwiba, wote, hata wale wadogo ambao ni kidoti tu. Na kila tundu alilijaza masizi ya chungu yaliyochanganywa na mafuta ya nyonyo. Ndivyo wanawake wa kwetu wanavyofanya. Tundu likijazwa, funza mwingine haingii, na baada ya muda ngozi inaota kwa ndani na lile doa jeusi linabanduka lenyewe. Siku niliyoondoka miguu yangu ilikuwa mizima kuliko miguu yote ya Makambako. Lakini ilikuwa na madoa meusi kila kidole.

Asubuhi ile nilisimama mstarini, na rafiki yangu wa Wanging'ombe alikuwa nyuma yangu.

"Wewe, miguu imepakwa wino?" aliniuliza.

"Ni masizi. Mama kaniziba."

"Mwambie mapema, kabla hajainama."

Nilitaka kumwambia. Mimi ni mtu wa haya, na mbele ya watu sauti yangu inashuka mpaka mimi mwenyewe siisikii. Nilipofika nilisema, "Mwalimu, ni masizi tu," na yeye akasema, "Nani kakuuliza?" Aliuinua mguu wangu, akautazama, akawageuzia wale wa nje ya ua ili nao wauone.

"Hapa pana kijiji," alisema. "Pana na jumbe wao."

Watu walicheka. Akaingiza pini katika doa la kwanza. Ilitoka damu na masizi, funza hakuwamo. Akaingiza katika la pili, akazungusha. Hakuwamo. La tatu alichimba mpaka nikashika pipa la maji kwa mikono miwili. Kisha aliinua pini akaitazama ncha yake muda mrefu. Hapo alijua. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kunusa ugoro wake, na niliyaona macho yake yakijua. Hata alipitisha kidole juu ya doa la nne, akakinusa, akakuta ni masizi ya chungu. Mwanamume mmoja nje ya ua alikuwa amekwisha kusimama, amemshika mtoto wake mkono.

Angeweza kusema, "Huyu ni mzima." Yalikuwa maneno machache. Lakini alikuwa amekwisha kusema kijiji.

"Wamekimbilia ndani," alisema kwa sauti kubwa. "Wa Makambako ni wajanja, hata funza wao. Rudi kwenu upone. Neksti."

"Mwalimu," alisema rafiki yangu, "hakutoka hata mmoja."

"Lete mguu wako wewe," alijibu Mwalimu wa Bweni, "tuone kama wako wanatoka." Alimchimba mpaka jua likapanda. Rafiki yangu hakulia. Lakini yeye alibaki shuleni.

Mimi nilipanda juu ya lori la viazi lililokuwa linakwenda Makambako. Kabla hatujafika, mguu ulikuwa umeanza kupiga kama moyo. Ulivimba mpaka kwenye kifundo, ukatoa usaha, na kucha mbili zikang'oka. Mama aliukanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Hakuuliza aliyenichimba alitumia nini, na mimi sikumwambia kuhusu meno, wala sikio. Jumatatu iliyowekwa ilipita nikiwa nimelala. Jumatatu nyingine ikapita.

Nilipoweza kukanyaga, mama alichukua kuku, jike zuri linalotaga, tukaenda Njombe. Tulimkuta Mwalimu wa Bweni nje ya bweni, anaota jua. Mama alipiga goti akampa kuku kwa mikono miwili. Mwalimu akampokea, akampima uzito, akamweka kwapani.

"Mwalimu, mtoto amepona," alisema mama.

"Naona. Mguu mzuri."

"Basi apokelewe."

"Apokelewe wapi, mama? Kitandani pana mtu."

"Mtu gani?"

"Mwanafunzi. Mtoto wa shemeji yake jumbe. Kijana mzuri sana, miguu yake kama ya Mzungu."

"Ulisema mwanangu akapone kwanza."

"Na amepona. Tumshukuru Mungu."

Nilimwona mama anatafuta maneno ya Kiswahili, maana Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni tu, na pale si sokoni. Mwisho akasema, "Basi nipe kuku wangu."

"Kuku wa shukrani harudi, mama."

"Shukrani ya nini?"

"Ya kupona," alisema Mwalimu wa Bweni, akatabasamu kwa upole, kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu. Meno yake ya mbele yalikuwa ya kahawia. Kuku alimnyea kwenye koti, naye Mwalimu akajifuta kwa kiganja, na kwa kiganja hichohicho akampa mama mkono wa kwaheri.

Mama aliupokea. Hakujua namna ya kuukataa. Njiani aling'oa majani ya kando ya barabara akausugua mkono wake, akayatupa, akang'oa mengine. "Yule hata haya hana," alisema kwa Kibena.

Masomo yangu yaliishia pale. Nilienda kuchuna magome katika mashamba ya miwati, kazi ninayoifanya mpaka sasa. Magome yanatia mikono rangi nyekundu ambayo haitoki kwa sabuni. Ni kazi ya watu wasiosema sana, inanifaa. Lakini kila mwaka baridi inapoanza, na nikiona watoto wanapita barabarani na masanduku ya bati kichwani, nashuka kutoka kwenye mti nakaa kidogo. Nilikuwa nataka kurudi. Sikumwambia mtu, ila nilikuwa nataka, hata nilipokwisha kuota ndevu.

Mwalimu wa Bweni nilimwona tena mara moja, Makambako, pale malori yanaposimama, barabara ya Iringa inapogawanyika kwenda Mbeya na Njombe. Ilikuwa mchana, upepo mkali, na mama mmoja anauza chai na viazi vya kuchoma kando ya barabara. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya sanduku kubwa la mbao, anakunywa chai kwa kelele. Koti lilikuwa lilelile. Nilitaka kupita, lakini mdomo wangu ulisema wenyewe, "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu! Njoo, njoo." Akamgeukia yule mama. "Unaona? Kila nikipita natajwa. Huyu ni kazi ya mikono yangu." Kisha kwangu: "Uko wapi siku hizi? Karani?"

"Nachuna miwati, mwalimu."

"Miwati. Na kusoma uliishia wapi?"

"Darasa la sita. Ulinirudisha siku ya kufungua."

Aliweka kikombe chini, akaniangalia kwa huzuni. "Mimi? Hapana, mwanangu. Mimi sijapata kumrudisha mtoto. Ni mwingine huyo." Hakuwa anadanganya, hilo ndilo lililonichafua moyo. Alikuwa amesahau kabisa, kama mtu anavyosahau alichokula juzi.

"Ulikuwa wewe, mwalimu."

"Basi, yaliyopita tuyaache. Unataka kusoma, hutaki?"

Mama wa chai alikuwa ananiangalia.

"Anataka," alisema Mwalimu wa Bweni. "Macho yanasema. Sikiliza. Muhula wa baridi unafunguliwa Jumatatu. Njoo Njombe, usizunguke kwa mtu mwingine, njoo moja kwa moja kwangu. Nitakupokea mwenyewe. Ndevu si kitu, nimefundisha wenye ndevu. Uje na blanketi."

Najua nilivyomchukia mtu huyu, na nimekwisha kueleza kwa nini. Lakini nilipokuwa nimesimama pale nilianza kufikiri ni blanketi lipi, langu lina tundu, huenda mama angeniazima lake. Nilifikiri nitamwambia nini msimamizi wa shambani. Nilimwambia, "Asante, mwalimu," na nikainama kidogo.

Lori likapiga honi. Lilikuwa limeelekea Iringa. Utingo alishuka, akalishika sanduku la mbao, akaliinua mabegani.

"Mwalimu wa Dodoma, panda mbele, tunaondoka," alisema. "Huko unakohamia vaa nguo nyepesi, hakuna baridi hii."

Mwalimu wa Bweni alisimama, akatupungia mkono sisi wawili kwa furaha, akapanda. Kupitia dirishani alisema, "Jumatatu, mwanangu!" Lori likaondoka, vumbi likatufunika.

"Dodoma?" alisema mama wa chai. Alifuta macho kwa ncha ya kanga. "Wewe kakwambiaje?"

"Jumatatu. Atanipokea shuleni."

"Na mimi kaniambia Jumatatu. Nije na sleti, atanifundisha kuandika jina langu." Alitazama barabara mpaka vumbi likatulia. "Ndiyo maana nikamwongezea chai."

Hakuna aliyecheka kati yetu. Aliinama akakiokota kikombe alichonywea Mwalimu wa Bweni, akatazama ndani, akachota majivu motoni akaanza kukisugua. Alisugua ndani na nje, na pale pa kushikia. Alikimwagia maji ya moto, akakinusa, kisha akachota majivu mengine.